Matanga Kwenye Zulia la Madame

Mama mdogo alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilizipita zote: sisi ni watu wa Uvira. Kirundi hatukijui, na mtu akikisema karibu yetu tusigeuze hata shingo. Uvira iko Kongo, ng'ambo tu ya mpaka wa Burundi, na Kiswahili cha huko tulikimudu, kwa hiyo uongo wetu ulikuwa wa kilomita chache. Ndivyo nilivyojifariji mwaka ule wa kwanza Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba.

Jengo letu, mtaa wa Point, lilijaa Wakongomani, Watanzania na Warundi wa pande zote mbili; sisi Warundi tulikuwa tumekimbia vita ileile, wengine tukikimbiana wenyewe kwa wenyewe. Nyumbani niliona watu wakiulizwa baba yao ni nani, wakauawa kwa sababu ya jibu. Msomaji atataka kujua mimi nilikuwa wa upande gani. Nimenyamaza miaka yote hii na sitaanza kusema leo ili kumridhisha yeye.

Aliyenitia hofu zaidi ni jirani mmoja wa korido yetu, mwanamume mrefu, mpole kupita kiasi, aliyesema kwao ni Uvira, aliyelinda magari mitaa ya karibu na bandari akiwa amevaa kizibao cha manjano. Alikuwa na maswali.

“Dada, nyinyi ni ba wapi kule Uvira?” aliniuliza siku moja kwenye ngazi.

“Kavimvira.”

“Kavimvira pembeni ya nini?”

“Pembeni ya barabara.”

Akacheka. “Eish! Uvira iko na barabara mingi, dada.”

Nilipanda ngazi zilizobaki mbilimbili. Mama mdogo aliposikia, alisema akiuliza tena tunahama, na akaanza kulala kisu kikiwa chini ya mto. Mimi kisu kile kilinitisha kuliko yule mtu, maana kilinionyesha kwamba hata yeye hakuwa na njia nyingine.

Kazi nilipata sokoni Warwick, kwa akina mama wanaouza sombe, yaani kisamvu. Mama mdogo alikuwa akichagua mafungu yake, mimi nimeshika mfuko, mara akaja bibi mmoja wa Kizungu, mfupi, amejifunga kitambaa kichwani kwa joto lile, akauliza, “Sombe iko? Isikuwe ya jana, minabajua nyinyi!” Soko zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama, akaniuliza kama najua kupiga pasi.

Tulimwita Madame. Alikuwa Myahudi wa Salonika, mji wa bandari kule Ugiriki. Baada ya vita ya Hitler alimfuata mjomba wake Katanga, kusini mwa Kongo, akaolewa huko, akakaa hadi Katanga ilipochafuka, wakahamia Durban, na mumewe akafia hapa. Kiswahili alifundishwa na mpishi wake wa Katanga, kwa hiyo kilikuwa cha amri tupu: leta, ondoa, funga, hapana vile! Wiki ya kwanza nilimchukia. Ya pili nikagundua anamwamrisha kila mtu hivyo hivyo, hata paka, nikamsamehe. Shuka zake alitaka zikunjwe pembe kwa pembe, na nikikosea alizikunjua zote bila kusema neno.

Sasa nije kwenye simu. Kila mwisho wa mwezi tulimpigia padri mmoja Burundi, ambaye alitupa habari za mama yangu. Mama alikuwa kambini, walikokusanywa watu wa vilima vyetu baada ya nyumba kuchomwa. Duka la simu lilikuwa na vibanda vya mbao visivyo na mlango, na wateja walisimama nyuma yako wakisubiri zamu, wakisikiliza. Jumapili moja mama mdogo alishika simu, nami nikageuka kutazama foleni. Yule mlinzi wa magari alikuwa nyuma yetu kabisa.

“Ah! Sawa,” mama mdogo alisema kwa Kiswahili, akitabasamu. “Vizuri. Ndiyo, nimesikia. Asante, asante sana.”

Akaweka simu chini, akalipa, akamsalimia jirani, tukatoka. Tulipofika kwenye taa za barabarani, wanazoziita robot, ya kijani ikawaka, naye hakuvuka. Ikawaka nyekundu, akavuka, na taxi ikatupigia honi kwa hasira. Nilimkamata mkono.

“Dada yangu amekufa,” akaniambia, meno yote nje. “Kuharisha damu. Wameshamzika. Cheka, yule jirani anatuangalia.”

Nikacheka. Mama yangu amekufa, na mimi nilicheka kwenye barabara ya Point.

Chumbani tulifungua redio kwa sauti ya juu na kila mmoja akang'ata pindo lake la kitenge. Kwetu mtu akifiwa anapiga kelele, na kelele ndiyo inayoita watu. Wangekuja korido nzima, na sukari zao na mikeka yao, wakae matanga pamoja nasi. Wangekuja kwa wema. Lakini watu wa matanga lazima waulize: marehemu ni nani, amezaliwa wapi, ameuawa na nini? Kwa maswali matatu tu Uvira yetu ingekwisha. Basi tukaumeza msiba kama kidonge kikavu, na hofu ilikuwa kubwa hata huzuni haikupata nafasi ya kukaa vizuri.

Kesho yake nilikwenda kazini. Madame alinikuta napiga pasi foronya ambayo nilikuwa nimeshaipiga.

“Nani amekufa?” akauliza.

“Hakuna, Madame.”

“Hapana kudanganya miye. Hii uso ninaijua. Nilikuwa nayo.”

Alizima pasi mwenyewe, akavuta kiti, na akanisimulia kwa kile Kiswahili chake cha jikoni, ambacho maneno yake mengi yalikuwa ya sufuria, unga na nguo. Alisema Wajerumani waliwafungia kwenye mtaa mmoja kando ya stesheni ya treni, uzio wa mbao pande zote, askari mlangoni. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Waliambiwa watahamishiwa Poland, wapewe kazi, na wenye ndoa watapata nyumba. Basi vijana wakaoana harakaharaka, harusi juu ya harusi, gauni moja likivaliwa na mabibi harusi wengi. Dada yake naye aliolewa hivyo. Watu wakafunga mizigo wakachukua masufuria. “Hata miye nilibeba pasi,” alisema.

Treni iliwafikisha kambini. Mama yake na dada yake walipelekwa upande mmoja, yeye upande mwingine, na jioni ileile wafungwa wa zamani wakamwonyesha moshi wa tanuri za kuchomea watu. Hakuelewa. Baadaye aliwekwa kwenye ghala la kuchambua nguo za watu waliofika: makoti huku, viatu kule, za watoto peke yake. Siku moja aliokota koti, akaona vifungo. Alikuwa amevishona yeye mwenyewe, kwa uzi wa rangi isiyofanana, na mama yake, mwenye koti, alimgombeza kwa sababu ya uzi huo.

“Askari alikuwa karibu, sawa vile weye na miye. Ukilia anakupiga risasi, kwisha. Nilikunja. Pembe na pembe. Niliweka. Nilichukua ingine. Miye hapana kulia. Ile siku, hapana. Kisha vita ikaisha, nikasema sasa nitalia. Kilio hakikukuja. Mpaka leo hakikukuja.”

Nilimwambia ukweli wote, hata Burundi, hata kisu. Alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa hasira, kisha akainuka na amri zikarudi. Matakia ya kochi chini! Shuka juu ya kioo! Nilitaka kulalamika, ilikuwa ndiyo kwanza nimeipiga pasi. Wayahudi wakifiwa, alisema, wanafunika vioo na kuketi chini siku saba. Halafu akashika kola ya blauzi yangu, akaikata kwa mkasi wa samaki, akaipasua hadi kifuani. Blauzi yangu pekee ya maana! Nilimkodolea macho.

“Ni vile inafanywa,” alisema, akaketi kwenye zulia kwa taabu, akishika goti. “Sasa lia. Hapa aiko mutu wa Point.”

Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilifungua mdomo nikitegemea kwikwi tu. Kilichotoka ni ukelele wa kwetu, wa kilimani, mrefu, na maneno yake hayakuwa ya Kiswahili. “Mama wanje! Mama wanje we!” Nilijisikia nikimwita mama yangu kwa Kirundi na sikuweza kujizuia. Madame alinishika kisigino cha mguu, kilichokuwa karibu na mkono wake, akaking'ang'ania.

Ndipo mlango ukagongwa.

Madame alifungua kidogo, mnyororo ukiwa umeshikilia. Nikaona manjano ya kizibao. Siku hiyo yule jirani alilinda magari mtaa ule, chini ya dirisha la Madame.

“Madame, iko shida?” aliuliza. Kisha aliniona mimi chini, na kola yangu, na kioo kilichofunikwa. Uso wake ulibadilika. “Mwihangane,” alisema. Ni pole ya kwetu, kwa Kirundi safi, cha mtu aliyezaliwa nacho. Huyu naye hakuwa wa Uvira.

Madame alinitazama aone nitasema nini. Nilivuta kola yangu nikafunika kifua. Akatoa mnyororo.

Aliingia, akavua kizibao, akakikunja, akaketi kwenye zulia mbali kidogo nami. Akaniuliza kwa Kirundi mama alikuwa wa kilima gani. Swali lenyewe. Nilikuwa nimekimbia nchi nne kulikwepa, na sasa nilikuwa sina mahali pa kukimbilia, wala nguvu ya kutunga. Nilimtajia kilima chetu kwa jina lake.

Naye akataja chake, ingawa sikumwuliza.

Kilima kile tulikiona kutoka mlangoni kwetu, ng'ambo ya bonde. Waliochoma nyumba yetu walishuka kutoka huko, na baadaye wengine wa kwetu wakapanda kwenda kulipiza.

“Anasema nini?” Madame akauliza.

“Anasema anatoka karibu na kwetu.”

Yule mtu aliinamisha kichwa akaanza kulia, kwa sauti, kama wanavyolia wanaume wa kwetu wakifiwa na mama. Sikujua anamlilia wa kwangu au wa kwake, wala alichofanya kabla ya kufika Durban, na sikuthubutu kumwuliza. Nilijisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikabaki hapo, macho yangu kwenye mikono yake, nikilia pamoja naye.