Visanduku vya Veltronde

Émérance Nday alitoka Likasi, mkoani Katanga, kuja Brussels kusomea uhandisi. Mwaka wa pili akapata mimba, mwanamume akaondoka, naye akaacha masomo, akabisha hodi kwenye kiwanda cha Veltronde, huko Anderlecht. Wakati huo Veltronde walitengeneza terminali: skrini na kibodi tu, zisizofanya lolote mpaka ziunganishwe na kompyuta kubwa. Émérance alichomelea nyaya za ndani. Benki zilizinunua, na bandari, na maktaba.

Kompyuta za mezani zilipoenea, watu wakasema Veltronde imekwisha. Haikwisha. Ilibuni kisanduku kidogo, unene wa kitabu cha nyimbo za kanisani, kisicho na diski wala feni, kinachopata kila kitu kutoka kwenye seva. Kikauzwa Ulaya nzima. Émérance akawa msimamizi wa ukaguzi, akahamia mtaa wa Etterbeek, akamlea binti yake Inès.

Kisha kampuni ya kigeni ikainunua Veltronde na kutangaza kwamba kiwanda kitafungwa. Ghalani vilikuwa vimebaki visanduku vipya kabisa. Amri ikaja visagwe vyote, visije vikazuia soko la mashine za kampuni hiyo.

Lori lilipofika, Émérance alisimama mlangoni mwa ghala. Tshibangu, dereva wa foklifti, Mkatanga mwenzake, akasimamisha mashine mbele yake, akasema kwa Kiswahili cha kwao:

“Maman, banatuambia tupakie.”

“Bapakie benyewe. Hii bintu haiyakufa, papa. Donc, miye sitoke hapa.”

Tshibangu alizima injini, akatia ufunguo mfukoni. “Bon. Na miye sipakie.”

Mkurugenzi, Michelle, akashuka kutoka ofisini. Akamwambia kwa Kifaransa, kwa upole, “Émérance, zimebaki wiki chache tu. Usijiharibie.”

“Kazi mmeshaichukua. Hivi vimepita mikononi mwangu kimoja kimoja. Mkitaka kuvisaga, anzeni na mimi.”

Wenzake wakaja, wakakaa chini sakafuni. Lori likarudi tupu. Kesho yake walikuja watu wa chama cha wafanyakazi pamoja na waandishi wa habari, na picha zilipoenea, wenye kampuni wakaona aibu. Wakakubali visanduku vigawiwe vyama vya mitaani.

Kiwanda kilifungwa vilevile. Émérance alifukuzwa kabla ya wengine, na hakualikwa kwenye karamu ya kuagana. Alikwenda. Alivaa kitenge kipya, akakaa meza ya mbele, akala mpaka akashiba.

Siku hizi anafundisha kina mama kompyuta kwa visanduku vilevile, kwenye chumba kilicho juu ya saluni, karibu na maduka ya Galerie d'Ixelles. Mwaka jana kampuni ile ya kigeni ilimtuma kijana mmoja amwambie abandue nembo za Veltronde, kwa kuwa jina ni mali yao. Émérance alimpa kiti na chai, akamsikiliza hadi mwisho.

“Jina hili tumelijenga sisi kwa mikono,” akamjibu. “Ukilitaka, libandue mwenyewe.”

Kina mama wote darasani walikuwa wamegeuka kumtazama mgeni. Yule kijana akanywa chai yake haraka, akaaga.