Lenzi ya Kuvuta Nyumbani kwa Bi Somoe

Nakumbuka, mwanangu, nilisikia kabla sijaona. Kwaru, kwaru, kwaru: meno ya mbuzi yakikuna nazi mahali fulani ndani ya giza. Nilikuwa mlangoni mwa nyumba moja huko Mahurunga, macho bado yamejaa jua la njiani, kamera imening'inia kifuani. Sauti ya kike ikasema karibu. Sikumwona aliyeisema.

Umeniuliza ununue lenzi ipi kwanza, ile ya urefu mmoja, au ile ya kuvuta, inayokuletea cha mbali bila wewe kunyanyua mguu. Ningeweza kukujibu kwa neno moja ukaenda zako. Lakini jibu langu limekaa katika nyumba ile, basi vumilia, chai bado ya moto.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, vijiji vipya bado vinanukia miti mibichi na udongo wa kukandika. Mjomba wangu alikuwa na studio ndogo Mikindani, naye ndiye aliyenifunza kazi. Wapiga picha wanaume walikuwepo. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na kwa hiyo niliitwa pale ambapo wao wasingeingia. Bi Somoe alikuwa amekaa eda. Mumewe alikuwa amezikwa majuzi tu, na mjane wa eda hatoki ovyo wala haonekani na wanaume wa kando. Na binti yake, Rehema, alikuwa anaondoka siku ileile.

Hakumzaa. Rehema alivushwa Ruvuma mgongoni mwa mama yake wakati wa vita vya ng'ambo. Mama huyo akafariki, Bi Somoe akamlea mtoto kama wa tumbo lake. Sasa ng'ambo walikuwa wamepata uhuru, na shangazi zake walikuwa wameleta ujumbe: mtoto wetu arudi. Mtumbwi ulingoja maji yajae. Bi Somoe asingeweza kumsindikiza mtoni. Alichotaka ni picha moja, yeye na mwanawe, abaki nayo. Na katika kamera yangu ilibaki filamu ya kutosha picha hiyo tu, siku ambazo filamu haikuwa kitu cha kuokota dukani.

Mjomba alikuwa ameipata lenzi ya kuvuta kwa baharia mmoja bandarini Mtwara. Ee, mwanangu, nilivyoipenda! Ndefu, nzito, ukizungusha pete yake uso wa mtu unakujia kama umeitwa. Nikaifunga kwenye kamera tangu asubuhi. Ile fupi ya zamani, ya urefu mmoja, niliitia mkobani kwa sababu mjomba alisema, "Chukua na hii. Haina maringo, lakini haina uchoyo wa mwanga."

Macho yalipozoea nikamwona Bi Somoe juu ya mbuzi, amejitanda nguo nyeupe, na Rehema kando yake akichambua mchele. Dirisha lilikuwa na ukubwa wa sahani. Nikainua kamera palepale mlangoni. Sindano ya kupimia mwanga haikusogea. Nikazungusha pete, nyuso zikanijia zikiwa ukungu mtupu, maana lenzi ile ilikataa kuona kilicho karibu. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, hadi nikawa nje kabisa, juani, nachungulia.

Mbuzi ikanyamaza.

"Wewe binti," akasema Bi Somoe, "hodi umepiga, karibu umeambiwa. Mbona umesimama huko kama anayevizia kuku?"

"Nawavuta kwa lenzi, mama. Hii inaleta watu karibu."

"Inaleta watu! Kwani wewe huna miguu?"

Rehema akacheka, akaziba mdomo kwa ukingo wa kanga. "Mama naye! Ndiyo mitambo ya mjini hiyo."

"Mitambo ya mjini nayo ije ikae mkekani. Mimi siwezi kutoka, yeye anaweza kuingia. Mwanangu anaondoka, halafu nipigwe picha na mtu aliye uani?"

Nikavua viatu nikaingia. Lenzi ya kuvuta ya wakati ule ilikuwa na vioo vingi na tundu dogo. Mwanga ulichoka njiani kabla haujafika kwenye filamu. Kuupata wote kungetaka kamera ikae wazi kitambo, na katika kitambo hicho mkono hutetemeka, nao watu wanapumua, sura ikatoka kama iliyoonwa ndani ya maji. Ile fupi tundu lake lilikuwa pana. Nikaibadilisha. Nikamwomba Rehema aufungue mlango wote, ambao ulitazama migomba tu, nikasogea mpaka magoti yakagusa mkeka wao. Bi Somoe akamshika mwanawe kidevu. Nikabonyeza.

Nilipoisafisha picha hiyo kule studio, chembe za nazi zilionekana vidoleni mwa Bi Somoe, na kope za Rehema moja moja.

Basi nasaha yangu ni hii: anza na ya urefu mmoja. Sisemi ya kuvuta ni mbaya. Za siku hizi zimeendelea sana, na pale usipoweza kusogea, uwanjani au ngomani penye umati, utaishukuru. Ila mtaka yote hukosa yote. Lenzi inayotaka kuwa ya kila urefu huacha kitu mahali, mara nyingi mwanga. Nyumba zetu bado zina giza, na watu unaowapenda utawakuta humo. Jifunze kwanza kubisha hodi, kuvua viatu, kuketi mkekani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukishajua ukae umbali gani na uso wa mtu, nunua uipendayo. Mungu akupe jicho lisilochoka na mkono uliotulia, na kila utakayempiga picha awe ameshakuona wewe kwanza.

Nimebakiza moja. Nje, mwenye mtumbwi alikohoa: maji yamejaa. Rehema akabusu mikono ya mama yake, akajitwika furushi. Bi Somoe hakulia.

"Ukitoka, rudishia mlango, mwanangu," alisema. "Sitaki nikutazame ukizidi kuwa mdogo njiani."

Rehema akatoka. Ule mwanga ulionipa picha ukawa mwembamba, ukawa uzi juu ya mkeka, kisha mlango ukafungwa.