Barua Iliyokatwa Mkono wa Koti

Shangazi yangu Ersilia alishona nguo za kike mtaani kwetu Bologna, na siasa aliipenda kama wengine wanavyopenda habari za ndoa za watu. Mwaka 1945, wanawake walipopewa haki ya kupiga kura, akawa msomaji wa Msumari, jarida la vijana wachache walioamini Italia itanyooka kwa makala. Akawaandikia barua: ikiwa mwanamke anaweza kuchagua, kwa nini asichaguliwe? Akasubiri toleo baada ya toleo. Jarida likafa kwenye toleo la saba, ofisi yao ikawa duka la jibini.

Toleo hilo la mwisho lilimfikia kwa posta baada ya kifo cha jarida kutangazwa. Hasira za mkizi! Hakulisoma, alilikata violezo vya nguo siku hiyo hiyo. Mafundi wote walikata magazeti, maana karatasi ilikuwa adimu, na kila mteja alikuwa na kiolezo chake chenye jina.

Miaka miwili baadaye, mwalimu mmoja alikuja kupimwa sketi.

"Ile barua yako ya toleo la mwisho ilinichoma, fundi," akasema.

"Barua gani?"

Mimi na shangazi tulipindua droo zote za violezo. Mwanzo wa barua tuliukuta kwenye kiolezo cha ukosi wa mjane mmoja. Mwisho wake, pamoja na jina, shangazi alikumbuka ameukata kuwa kiolezo cha mkono wa koti la mke wa mfamasia. Naye mke wa mfamasia alikwishahama na kiolezo chake, akaenda kwa Teodolinda, fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mwaka 1946, Italia ilipochagua jamhuri, alimpigia kura mfalme. Wawili hao hata salamu hawakupeana.

Siku tatu shangazi alijifanya hajali. Nilimchoka.

"Jina lako limechapishwa mara moja tu maishani, shangazi, na bado unaringa?"

Akavaa kofia, tukavuka.

Teodolinda alikuwa akidarizi. "Leo jamhuri imevuka barabara. Kulikoni?"

"Nimefuata mkono wa mke wa mfamasia."

"Mkono, au barua?"

Shangazi akavua kofia.

"Kila msimu wa baridi nautumia mkono ule," Teodolinda akasema. "Nilitaka kuuchoma, ila umeukata vizuri mno, mkorofi wewe. Sasa niambie, huko juu barua uliianzaje? Hilo ndilo linaloninyima raha."

Shangazi akatoa ule ukosi, akasoma kwa sauti mpaka pale mkasi ulipokatiza sentensi. Akanyoosha mkono apewe kipande cha pili. Teodolinda hakwenda drooni. Aliweka sindano mezani, akaimalizia barua kwa ghibu, neno kwa neno, mpaka jina la shangazi.

"Na bado sikubaliani nawe hata kidogo," akasema, akimvutia kiti. "Kaa hapo tubishane."

Shangazi akakaa, machozi yakimtoka huku anacheka.