Kipindi cha Mtu na Jamii Katika Darasa la Biashara

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika chuoni, mjini Isiolo, kabla bawabu hajafungua lango. Somo langu nilikuwa nimeliandika upya mara nne, na bado niliona kasoro. Nina cheti cha uhasibu tu. Saikolojia nilijifundisha mwenyewe nyumbani kwetu Burat, kwa vitabu vya mitumba na kwa simu, kwa hiyo mtu akiniita mwalimu niligeuka kuona anaitwa nani.

Nawaandikia ninyi mtakaofundisha baada yangu, ingawa mimi sijazeeka. Aliyestaafu ni Mkuu wa Idara ya Biashara, mama wa kutoka Nyeri aliyeishi Isiolo tangu ujana wake. Kumbukumbu hizi ni zake kuliko zangu.

Alinipokea kwa chai. "Umeandaa kila kitu?"

"Ndiyo, madam."

"Vizuri. Na humo wanafunzi wataingilia wapi?"

Nilicheka, kisha nikaona hacheki.

Ndiye aliyeanzisha kipindi cha Mtu na Jamii. Mara moja kwa wiki wanafunzi wa biashara waliacha faida na hasara, wakasoma hadithi, historia ya mji wetu, na saikolojia: kwa nini mtu hununua, na aibu humfanya nini anapouliza bei. Nilikaa nyuma ya darasa nikimsikiliza kama mwanafunzi.

Mkuu wa Chuo, mtu wa mahesabu, hakukipenda. "Hawa wanatafuta kazi," alisema mkutanoni. "Hadithi watasimuliwa na nyanya zao. Nionyesheni mpango wa biashara uliotokana na kipindi hicho, la sivyo saa hiyo naipa uhasibu."

"Tutakuonyesha, Bwana Mkuu," Mkuu wa Idara akajibu kwa upole. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Tukawapeleka wanafunzi Kulamawe, kijiji cha wafugaji wa ngamia. Mpango ulikuwa kukusanya maziwa ya ngamia nyumbani kwa watu na kuyauza mjini, na kwanza ilibidi tujue ugavi, yaani kila boma linaweza kutoa maziwa kiasi gani. Kimathi, mtoto wa mwenye duka mjini, ndiye aliyeongoza darasa kwa alama. Katika boma la kwanza alimwamkia mwenyeji, Mama Talaso, vizuri kwa asalaam aleikum, kisha akauliza, "Ngamia wenu ni wangapi?"

Mama Talaso alitazama mbali. "Wa Mungu ni wengi," akasema, na ghafla akakumbuka ana kuni za kutafuta. Boma la pili, kuni. La tatu, kuni.

"Watu wa huku wanapenda kuni sana," Kimathi akanung'unika.

Mkuu wa Idara alituita kando ya gari. Alimgeukia Guyo, kijana Mborana, mtoto wa wafugaji, aliyekuwa nyuma yetu sote. "Ulijua mifugo haihesabiwi mbele ya wageni?"

"Nilijua, madam. Inaleta mkosi."

"Mbona ukanyamaza?"

Guyo alichora chini kwa kiatu. "Kimathi ndiye wa kwanza darasani. Nikafikiri labda kitabu kinajua."

"Si ungenikanya, wewe?" Kimathi akasema.

"Ungesikia?"

Kimathi akafikiri. "Hapana."

Wote wakacheka. Mkuu wa Idara hakuwakemea. "Mama amenyamaza, na Guyo amenyamaza," alisema. "Biashara yenu imefia hapo katikati. Rudini, na Guyo atangulie."

Guyo hakuuliza idadi. Kwa Kiborana aliuliza mvua, akauliza watoto, akanywa chai aliyopewa hadi mwisho. Ndipo akasema, "Jana asubuhi maziwa walikunywa kina nani?" Mama Talaso akaeleza kwa furaha: watoto, wachungaji, jirani mgonjwa, na mtungi uliobaki akaupeleka mjini kwa lori. Kimathi aliandika mbio. Kwa kujua nani alikunywa walijua kinachobaki, na msimu ambao hakibaki kitu.

Siku ya kuwasilisha, Mkuu wa Chuo alipekua kurasa. "Idadi ya ngamia siioni. Haya ya maziwa mmeyatoa wapi?"

"Tuliuliza nani alikunywa," Kimathi akasema. "Guyo ndiye aliyejua kuuliza."

Mkuu wa Chuo alisoma tena tangu mwanzo. "Kipindi kibaki," akasema mwishowe. "Lakini kihamie asubuhi. Mchana wanasinzia."

Muhula huu kipindi ni changu. Siku ya kumuaga Mkuu wa Idara nilimuuliza nifanye nini nikikosea mbele ya wanafunzi.

"Utakosea," alisema. "Uwe mtu wa kuambiwa."

Wiki jana nilifundisha kwa nini wafugaji huchelewa kuuza ukame ukija. Nikasema, kama nilivyosoma, kwamba hawana habari za bei ya soko. Nikaona hakuna aliyeandika. Nilitaka kuendelea na ukurasa unaofuata. Nikaketi kwenye dawati la mbele, nikangoja.

"Mwalimu, hapo sivyo," Guyo akasema taratibu. "Bei tunaijua. Lakini ukiuza ngamia uliyepewa na mjomba, umeuza undugu. Jioni utakaa na nani?"

Nikampa chaki.