Siku Niliyompoteza Mama Mkwe Gikomba

Mkicheka mcheke kwa adabu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka bado masikio yanashika moto: mwanamume mzima wa miaka thelathini na saba, karani wa stoo, mtu wa kuongoza maombi kanisani, nimesimama katikati ya soko la Gikomba mchana kweupe, nimevaa fulana ya boda boda, kiondo cha mwanamke begani, kipaza sauti cha muuza sidiria mkononi, na machozi yananitoka. Watu wamenizunguka, na baadhi yao wameshika vipande vya mbao. Yote hayo kwa sababu niliona haya kugeuka nyuma.

Ilikuwa hivi. Mke wangu Mumbua alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji, na mama yake akaja kutoka Mwingi kumsaidia kwa mwezi mmoja. Sasa sisi ni Wakamba, na kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kutoka mbali. Kwa desturi ya zamani humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake, na jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako bafuni. (Siku hizi wengi wameachana na hayo, kaka yangu anakaa sofa moja na mama mkwe wake wanatazama taarifa ya habari, lakini mama yake Mumbua anashika mila, na mimi kwa kutafuta sifa nikajifanya nazishika kuliko yeye.) Basi mwezi mzima niliishi katika nyumba yangu mwenyewe hapa Buruburu kwa kunyata, naingia kwa mlango wa jikoni, nakohoa ili ajue napita, napanda ngazi nikitazama ukuta, nakula chumbani juu ya kitanda. Miaka mitatu ya ndoa na uso wa yule mama sikuwa nimeuona sawasawa, hata siku ya harusi nilitazama zulia. Nilichokijua ni viatu vyake, raba nyeusi, na kikohozi chake.

Siku moja kabla ya kurudi kwao, akamwambia Mumbua kwamba angependa kuiona Nairobi. Marehemu mumewe alifanya kazi reli kwa miaka mingi, na kila Disemba alikuwa akirudi nyumbani na hadithi za stesheni, za majumba marefu, za Gikomba alikowanunulia watoto nguo zote, na mama wa watu alikuwa akisikiliza tu. Shemeji yangu Kasyoka ndiye aliyekuwa amtembeze, lakini asubuhi hiyo akaitwa kazini. Mumbua akasema kuna kijana wa kanisani ambaye kazi yake ni kutembeza wageni mjini, tumpigie. Mimi nikakataa. Nimezaliwa Makadara, nikasema, mtu wa kunionyesha mimi Nairobi hajazaliwa.

Mumbua akauliza nitamtembeza vipi mtu nisiyeweza kumtazama. Nikamwambia nina mpango. Mimi nitatangulia hatua kumi, mama atafuata. Tukifika mahali nitasimama na kueleza kwa sauti nikiwa nimetazama mbele, na yeye akiridhika atakohoa mara moja tuendelee, akitaka tungoje atakohoa mara mbili. Na ili asinipoteze kwenye umati, nikaenda kwa jirani yetu Kimani, ambaye anaendesha pikipiki, nikaazima rifleta yake, ile fulana ya rangi ya machungwa yenye mistari inayong'aa. Niliona nimefikiri kama profesa. (Mumbua alifungua mdomo kusema kitu, mtoto akalia, akaondoka, na mpaka leo hulaumu mtoto.)

Kabla hatujatoka Mumbua akanitundikia kiondo cha mama begani kwa kuwa kilikuwa kizito. Ndani mlikuwa na maji, kitambulisho, simu, na vidonge vya presha ambavyo mama alipaswa kumeza saa sita bila kukosa. Mumbua aliyasema hayo ya vidonge mara tatu.

Tulianzia KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya mji. Nikasimama, nikapaza sauti kuelekea hewani, nikasema jengo hili lilijengwa na Waingereza (sio kweli, lakini sikuwa na mtu wa kunisahihisha), nyuma yangu kikohozi kimoja, tukaenda. Askari wa getini alinifuata kwa macho mpaka nikapotea. Stesheni ya reli nikasema hapo ndipo treni ya kwanza Afrika nzima ilisimama, nikasikia kikohozi mara tatu. Hatukuwa tumekubaliana chochote kuhusu tatu, wala sikukumbuka kwamba aliyekohoa ni mjane wa mtu wa reli. Nikangoja, nikaona bora niendelee na safari. Karibu na jengo la Kumbukumbu za Taifa mama mmoja akaniuliza pikipiki yangu iko wapi nimpeleke Ngara, na mwingine akamvuta mtoto wake kando aliponisikia nikihutubia lami. Sikujali. Kikohozi kilikuwa kinakuja nyuma yangu vizuri, na kusema kweli nilianza kujisikia mtu wa maana.

Kutoka hapo tukapita Muthurwa kwenda Gikomba. Pale unajua palivyo, mikokoteni inakuja kwa kasi na mwenye nayo anapiga mluzi mara moja tu, ukichelewa shauri yako. Nikapita nikieleza habari za mitumba, jinsi marobota yanavyofunguliwa alfajiri na watu wanavyoyarukia, nikaeleza, nikaeleza, nikafika upande wa maseremala, nikauliza, Mama, twende? Kimya. Nikafikiri ni kelele za nyundo. Nikauliza tena kwa sauti zaidi, na mwanamume mmoja akanijibu twende wapi. Hapo ndipo nikageuka. Nyuma yangu alikuwa mtu amebeba kitanda kichwani, na nyuma yake watu, na nyuma ya hao watu zaidi, na raba nyeusi hakuna.

Jamani, niliogopa. Niliangalia saa, ilikuwa saba kasorobo na vidonge viko begani kwangu. Nikamwona ameanguka kwenye mtaro, nikamwona chini ya mkokoteni, nikaona mto ule ulio pale nyuma ya soko na nikakataa kabisa kuufikiria. Nikamwona Mumbua na mshono wake tumboni, nikimwambia mama yako nilimwacha mahali fulani, sijui ni wapi. Nikaanza kukimbia nikirudi nilikotoka, nikichungulia miguu ya wanawake. Ndiyo, miguu, maana ndiyo niliyoijua. Wanawake walianza kusonga pembeni na mmoja akaniuliza nina shida gani mimi.

Pale kona kulikuwa na dada mmoja anauza sidiria juu ya meza, ana kipaza sauti, anaita wateja. Nikamwomba anisaidie kumtangaza mtu aliyepotea. Akakubali haraka, dada wa watu, akaniuliza anakaa aje, yaani anafananaje. Mrefu? Sijui. Mweusi, maji ya kunde? Sijui. Amevaa nini kichwani? Sijui.

"Buda, ni mama mkwe wako na hujui anakaa aje?" akaniuliza.

Nikasema ana raba nyeusi na anakohoa.

Wateja wakaanza kutazamana. Na hapo hapo, kwenye kiondo, simu ikalia. Ilikuwa na mlio wa kwaya ya kina mama, sauti ya juu kabisa. Niliitoa nikaona jina la Mumbua, na nawaambia ukweli, ningepokea simu ile mambo yangekwisha. Lakini nilimfikiria akiwa na mtoto kifuani, nikafikiria nitaanzaje, nikaiacha. Ikalia mpaka ikakata. Seremala mmoja mwenye penseli sikioni akasogea akauliza hiyo simu ni ya nani. Na mimi, kwa woga wangu, nikasema ni yangu.

Sijui kwa nini nilisema vile. Seremala akaingiza mkono ndani ya kiondo taratibu, akatoa maji, akatoa vidonge, akatoa kitambulisho. Akakitazama, akanitazama. Kilikuwa na picha ya mwanamke. Nikaanza kueleza kwamba kiondo ni cha mama mkwe, na simu pia kusema ukweli ni yake, na fulana nayo ni ya Kimani, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimeiba kila kitu nilichokuwa nacho. Nyuma mtu akasema lile neno, mwizi. Halikusemwa kwa kelele. Lakini nimekulia Eastlands, najua neno hilo likisemwa mara ya pili huwa halisemwi na mtu mmoja. Nikaona mbao zinaokotwa. Nilikuwa nimeshaanza kusali zaburi nisiyoikumbuka vizuri.

Seremala akafunika kitambulisho kwa kiganja. "Kama ni wa kwenu," akasema, "sema jina lake lililoandikwa hapa."

Nililijua jina. Nililiandika kwenye fomu za harusi. Lakini ulimi ulikuwa umefungwa na miaka yote ya kulelewa, na nikasimama pale nikimtazama kama bubu, na umati ukachukua kimya changu kuwa jibu. Mtu akanishika ukosi. Yule dada wa sidiria pekee ndiye aliyenihurumia, akaninyooshea kipaza sauti, akaniambia kwa sauti ya chini niseme kitu, chochote, haraka.

Nikamfikiria yule mama, peke yake mahali fulani, presha imepanda, hana simu, hana hata kitambulisho cha kumwambia mtu yeye ni nani. Nikachukua kipaza sauti na nikaliita jina lake. Lote, la kwake na la baba yake. (Sitalirudia hapa, msiniulize.) Niliita mara ya kwanza kwa sauti ya chini, nikaita mara ya pili Gikomba nzima ikasikia, mara ya tatu nilikuwa nalia. Na Gikomba imejaa Wakamba. Nikasikia mama mmoja upande wa vyombo akisema kwa Kikamba, anamwita mkwe wake, kisha mwingine akashika mdomo, kisha vicheko, lakini ile mikono kwenye ukosi wangu haikulegea.

Kisha umati ukasukumwa kutoka nyuma. Kwanza niliona raba nyeusi. Nikainamisha kichwa kwa mazoea. Mkono ukanishika juu ya kiwiko, mgumu, mkono wa kulima, ukanivuta kutoka kwa yule aliyenikamata.

"Mwacheni," sauti ikasema. "Huyu ni mtoto wangu."

Watu wakarudi nyuma. Seremala akarudisha kitambulisho na vingine vyote ndani ya kiondo na kuomba msamaha, yule mwenye mbao akajifanya alikuwa akienda nayo kazini. Nikainua uso. Ni mama mfupi, kumbe, mwenye macho ya Mumbua kabisa, na yalikuwa mekundu. Nikafungua vidonge, viwili vikaanguka, cha tatu akameza.

Tukakalishwa kwenye benchi la dada wa sidiria, chini ya bidhaa zake, na hapo mama akanieleza. Kule Muthurwa mkokoteni wa viazi ulipita kati yetu, na ulipokwisha kupita akaona rifleta mbele, akaifuata. Ikaenda mpaka kwa kibanda cha githeri ya mahindi na maharagwe, ikaketi. Yeye akasimama hatua kumi nyuma, akakohoa. Akakohoa tena. Alifikiri nimechoka nimeamua kula, ila akashangaa nitakulaje mbele yake. Mwishowe mwenye rifleta akageuka, akamtazama usoni, akampa kiti na glasi ya maji akimwambia mama hicho kifua kitafutie dawa. Hapo akajua amepotea, kwa kuwa mkwe wake hajawahi kumtazama, akaingia sokoni kunitafuta.

Nikaanza kuomba msamaha kwa kutaja jina lake, kwa kumwaibisha mbele za watu. Akanikatiza.

"Nilisikia watu wanasema kuna mwizi amekamatwa, halafu nikasikia sauti yako," akasema. "Nilijua wanakuua. Nilikimbia nikijiambia nitamwambia nini Mumbua."

Kumbe wakati mimi nakimbia sokoni na swali lile, naye alikuwa nalo.

Kuna mtu alirekodi, bila shaka. Jioni video ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na mchungaji akaandika tumwombee ndugu yetu, na chini yake watu arobaini wakaweka alama za kucheka. Kimani hataki hata kuiona fulana yake. Hayo yote nimeyazoea. Ila kutoka Gikomba mpaka getini kwetu, kwenye kila barabara tuliyovuka, yule mama hakuuachilia mkono wangu, na wala mimi sikutaka auachilie. Tangu siku hiyo nimeapa, mtu wangu akitaka kuiona Nairobi nitatembea naye bega kwa bega, na nikiona haya nitaona haya hivyo hivyo nikiwa nimemtazama.