Uwanja wa Mazuku

Mume wangu hutengeneza injini za boti, nami hupokea wageni katika nyumba ya wageni iliyo hatua chache kutoka ziwani. Kwa muda wa miaka mitatu, kila tulipomaliza chakula cha jioni, tuliondoa sahani mezani, tukafuta meza, tukaweka kompyuta, tukaendelea kutengeneza gemu.

Ni gemu ya viumbe wanaopigana. Wengi wanaijua aina hiyo: unatembea porini, unakamata kiumbe, unamlea, kisha unamshindanisha na wa mwenzako. Makampuni makubwa hutengeneza za kuuza. Lakini wapo mashabiki kila mahali, watu wenye kazi zao kama sisi, wanaotengeneza za kwao nyumbani na kuwagawia wenzao bure. Hizo za mashabiki huwa ngumu kuliko za dukani, kwa kuwa anayezitengeneza ameshazicheza za dukani mpaka zimemchosha.

Mimi niliingia humo kwa sababu ya wageni kukosekana. Ilikuwa miezi ya mvua, ziwa limejaa ukungu, kitabu cha wageni hakina jina jipya tangu juzi. Nilikuwa nacheza gemu moja ya mashabiki hapo mapokezi. Nilikuwa na kiumbe wa moto ambaye hajawahi kushindwa. Nikampeleka kwenye kinamasi, akapigwa na chura. Chura mdogo kabisa! Nikarudia, akapigwa tena. Ndipo nikasoma maandishi madogo chini ya kioo: katika kinamasi moto hupungua nusu, na mwenye miguu mizito hachezi kwa zamu moja kati ya tatu. Nilikuwa sijawahi kuangalia wanapigania wapi. Nilikuwa naangalia wanaopigana tu.

Jioni nikamweleza mume wangu. Yeye alikulia Kongo, mimi nilikulia Karagwe upande wa Tanzania, na tulipokutana huku Gisenyi, mpakani mwa Kongo, Kiswahili ndicho kilichotuoanisha, ingawa kila mmoja anacheka cha mwenzake.

"Bon, ni kama ziwa," alisema. "Injini ile ile, hapa karibu na plaji, kwa muchanga, inaenda muzuri. Fika kule upepo inapigia, unasema hii injini iko mugonjwa. Haiko mugonjwa. Ni maji njo imebadilika."

Siku ile ile tukaanza. Yeye alichora, mraba mdogo mdogo kwa uvumilivu wa fundi. Mimi niliandika kanuni katika daftari la shule. Viwanja vyetu vilikuwa vya kwetu. Kwenye mteremko wa chai, aliye juu hupiga kwa nguvu zaidi. Kwenye chemchemi za maji moto, wa majini hupona polepole na wa barafu huyeyuka. Kwenye miamba ya volkano, wenye kwato hupoteza mbio. Kwenye ukungu wa Busasamana, huko milimani, pigo moja kati ya mawili huenda hewani. Tulikuwa na viwanja tisa na tulijiona mabingwa.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa ameshahamia kwetu, goti lake likiwa limekataa ngazi za nyumba yake ya zamani. Alikuwa mtu wa adabu na maneno machache. Aliniita mukazana wangu, yaani mke wa mwanawe, mimi nilimwita Mama, na kwa mwaka mzima tulizungumza habari za sufuria, nguo za kufua na ibada ya Jumapili. Hakuwahi kunikosea. Wala sikuwa namjua.

Uwanja wa kumi nilioutaka ulikuwa wa mazuku. Hapa kwetu hakuna asiyelijua neno hilo. Ni hewa inayotoka chini ya ardhi ya volkano na kulala mabondeni. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajaa kwenye shimo kama maji kwenye beseni. Mtu mzima anaweza kupita kichwa kikiwa juu yake asijue kitu, na mbuzi anayemfuata akaanguka na kufa. Mlinzi wetu wa kazini ndiye aliyenieleza vizuri, na alipokuwa anaeleza, mimi nilikuwa tayari naandika kanuni kichwani. Uwanja ambao urefu wa kiumbe ndio unaoamua! Kila zamu, yeyote ambaye kimo chake hakifiki goti la mtu anapoteza theluthi ya pumzi zake. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Mume wangu aliposikia aliigeuzageuza kalamu yake ya kuchorea, kisha akachora bonde. Nilidhani anafikiria rangi.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana akaujaribu. Alimwingiza kobe wake mpenzi, mwenye gamba ambalo sijawahi kulivunja katika uwanja wowote ule. Zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kobe akalala chali. Nikapiga makofi.

"Mazuku imemla!" nikapaza sauti. "Imemla kobe wako!"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, anachambua maharage. Aliweka ungo chini, akainuka kwa kushikilia ukuta, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Hakuubamiza. Tulisikia tu kitasa kikizunguka.

Mume wangu alinitoa nje, hadi kwenye kamba ya nguo.

"Sheri wangu, nilipaswa kukuambia. Mudogo ya Mama alikufa ndani ya mazuku."

"Na ukachora bonde?"

"Mi sijui mingi. Ile habari hasemake. Nilizania hatasikia."

Nilikasirika naye kwa muda mfupi, kisha nikakumbuka ni nani aliyepiga makofi.

Kesho yake nilitoka kazini saa nane, nikanunua maziwa ya mgando anayoyapenda, nikabisha mlango wake. Alikuwa ameketi kitandani, anashona kifungo.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Sikujua. Ule uwanja nitaufuta leo."

Alikata uzi kwa meno. "Usifute. Leta, nione."

Nikaileta kompyuta, nikaiweka juu ya stuli. Akavaa miwani na kuisogelea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hii kijani ni nini?"

"Ni majani, Mama."

"Mulikosea. Mahali mazuku inalalaka, majani inakauka. Na utaona panzi mingi chini, ndege kidogo kidogo, imekufa. Mutu mwenye macho anaona mbele ya kuingia." Akagusa anga la kwenye kioo. "Na humu ndani ni saa ngapi?"

Hatukuwa na saa. Katika gemu yetu ilikuwa mchana daima.

"Mazuku ni ya asubui," alisema, "mbele jua ipande, mbele upepo ivume. Ukipita saa sita, unapita ukiimba." Nikawa nimeshika daftari, naandika. Hakunikataza. Kisha akaniuliza: "Na kiumbe ikianguka, mwenzake anafanya nini?"

"Unampa dawa, anaamka."

"Nani anamupa? Anainama?"

Sikuelewa. Akavua miwani, akanieleza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniambia chumvi imepungua.

Mdogo wake alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Asubuhi moja ndama wake aliteleza akaingia bondeni, karibu na shamba. Akashuka kumfuata. Aliposimama hakuwa na shida yoyote, hata alimpungia dada yake mkono. Halafu akainama amnyanyue ndama. Hakuinuka.

"Mi nilikuwa juu. Nikakimbia nishuke. Mama mumoja, jirani, akanishika kitenge kwa nyuma, akanivuta, tukaanguka sisi wawili. Akanilalia. Nilipiga makelele, nikamutukana. Hakuniachilia mpaka upepo ikakuja." Alikunja kitambaa alichokuwa anashona. "Ningeshuka, ningeinama. Na ningekufa pale pale, mi na mudogo yangu. Yule mama njo aliniokoa. Asante sikumuambia. Tulihama, vita ikakuja, kila mutu na njia yake. Hata siku moja sikumuambia."

Sikujua mkwe anafanya nini mahali kama hapo, kwa hiyo nikammiminia maziwa kwenye kikombe, akanywa.

Tuliandika upya uwanja ule kwa wiki kadhaa, sisi watatu. Majani yakakauka, panzi wakatawanyika chini kabla hujafika bondeni. Tukaweka saa: alfajiri bonde linaua, jua likipanda makali yake yanapungua, upepo ukivuma linakuwa bonde la kawaida tu. Ukiwa na ndege mwenye kuleta upepo unaweza kulisafisha mapema, lakini inamchukua zamu tatu, na adui hasubiri. Na tukaongeza kanuni moja ambayo haipo katika uwanja mwingine wowote: ukitaka kumwamsha aliyeanguka, lazima mwenzake ainame, na anayeinama anapoteza pumzi zote.

Mume wangu hakuipenda. "Batu banacheza kwa kufurahi," alisema. "Hii inawafundisha waache mwenzao."

"Inawafundisha wasubiri upepo," nikasema.

"Na kama upepo inachelewa?"

Tukamwita Mama aamue, lakini yeye akataka kucheza kwanza. Vidole vyake havikuzoea vitufe, kwa hiyo alisema na mimi nikabonyeza. Ndama wetu (ndiyo, tulikuwa tumechora kiumbe mfano wa ndama, kwa ruhusa yake) alianguka mapema. Mama akamwacha pale. Akasema, "Ngojea." Adui akapiga. "Ngojea." Akapiga tena. Mume wangu alikuwa anajikuna shingo. Zamu sita tulingoja, ndege wetu akapigwa chini kabla hajamaliza kuleta upepo, tukashindwa.

Mama akajiegemeza nyuma. "Bon. Njo vile," akasema. "Kungojea haisemi utashinda. Lakini acheni hivyo."

Tukaacha hivyo.

Gemu ilipokwisha tuliiweka mtandaoni, mahali mashabiki wanapowekeana kazi zao. Hatukutarajia maoni mengi, na mengi hayakuja, lakini yaliyokuja karibu yote yalihusu bonde lile. Mmoja alitusifu kwa panzi. Alisema alikufa mara nne ndipo akajifunza kutazama chini kabla ya kuingia. Mmoja aliandika kwamba ameliweka pembeni kwa siku mbili kwa sababu hakutaka kumwacha kiumbe aliyemlea tangu mwanzo, na alitaka tumwambie njia ya mkato. Mwingine alituita watu katili, kwa maneno mengi. Mume wangu aliyasoma hayo na kutaka tulegeze kidogo. Tulibishana, tukafikia hapa: dalili tukaziongeza, ili asiwepo mtu wa kusema hakuonywa, lakini kanuni ya kuinama hatukuigusa.

Nilikuwa namsomea Mama maoni hayo, nayageuza kwa Kiswahili, naye aliyasikiliza kama habari za redioni, mikono imekaa mapajani. Aliposikia ya yule aliyekasirika, alitikisa kichwa.

"Mwache akasirike," alisema. "Mi nilimukasirikia yule mama miaka mingi. Nilisema, angeniacha."

Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba apelekewe maji, akamwambia mwanawe aulizie kama yule mama bado yuko hai.

Mume wangu aliuliza watu wa kanisani waliotoka sehemu ile. Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja hivi. Mama yule alikuwa amefariki zamani kidogo, lakini binti yake yupo Mahoko, mwendo mfupi wa basi kutoka kwetu, anauza viazi sokoni. Nilidhani Mama atasema basi imekwisha. Alisema, "Tutaenda siku ya soko."

Tulikwenda mimi na yeye, kwa basi, kwa sababu ya goti. Soko lilikuwa limejaa, nikamshika mkono tupite kati ya magunia. Yule binti tulimpata kwenye kivuli cha turubai, mwanamke wa makamo, amevaa buti za mvua. Mama alijitambulisha kwa jina la kijiji chao, si kwa jina lake. Mwanamke akaacha kupima viazi.

Mama akasema yote akiwa amesimama, ingawa aliletewa kiti. Bonde, ndama, mdogo wake, kitenge. Akamaliza: "Nimekuja kumuambia mama yako asante. Nimechelewa."

Mwanamke akakunja mkono wa blauzi yake.

"Mama yangu alikuwa na kovu hapa," alisema, akigusa mkono wake chini ya kiwiko. "Alituambia ni mbwa."

Mama mkwe aliziba mdomo kwa kiganja. Nilifikiri analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, mabega yakimtikisika. "Haikuwa mbwa," alisema. "Ni mi. Ni mi nilimuuma!"

Mwanamke naye akaangua kicheko, akamvuta kwenye kiti, akampa shavu moja, la pili, la tatu, kama tunavyosalimiana. Wateja walikuwa wanangoja na hakuna aliyewajali.

Niliwaacha nikaenda kutafuta nyanya na vitunguu. Nilizunguka soko lote taratibu, nikaulizia hata vitu ambavyo sikuvihitaji. Niliporudi walikuwa wameshafika kwenye habari za magoti. Mwanamke alikuwa anamweleza Mama habari ya majani fulani ya kuchemsha na kukandia, Mama anabisha kwamba alishayajaribu na hayasaidii, na mwanamke anamwambia aliyachemsha vibaya. Nikaweka kikapu chini, nikatafuta ndoo ya kugeuza niikalie.