Wiki ya Kimya Mkahawani

Kila mtu humwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Ameshika trei katika mkahawa ule miaka ishirini na sita, na magoti yake yanajua kila ufa wa sakafu. Mkahawa una meza tisa, dirisha moja kubwa, na ng'ambo ya barabara ipo kliniki ya watoto inayotoa chanjo kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Mtoto akishachomwa sindano anataka kubembelezwa, na mama yake anataka chai. Basi wote huvuka barabara na kuishia kwenye kona aliyoitengeneza Shangazi mwenyewe, yenye mkeka, vijiko vya mbao na vifuniko vya sufuria. Kelele zake utazikisia mwenyewe.

Wateja watatu walilalamika. Aliyewatangulia alikuwa mstaafu mmoja ambaye jikoni wanamwita Bwana Gazeti, kwa kuwa hulikunjua gazeti lake juu ya meza yote kama anayetandika kitanda. Alimwendea bosi na kumuuliza kama hapa ni mkahawa au ni uwanja wa mpira.

Bosi ni kijana aliyerithi mkahawa kwa mama yake, na hutetemeka mteja akikunja uso. Jumatatu asubuhi akafunga kibao mlangoni kwa skrubu: WATOTO CHINI YA MIAKA SITA HAWARUHUSIWI.

Shangazi alikisoma mara mbili. Akamfuata bosi.

"Bosi, yule mtoto aliyekuwa akilia chini ya meza ya nne, nikimbeba mkono huu na trei mkono huu, alikuwa nani vile?"

"Shangazi, usianze."

"Nauliza tu. Alikuwa na mapafu, jamani!"

"Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Wahenga hawakuwa wametoka kuchomwa sindano."

Bosi hakucheka. "Wateja wanataka utulivu. Na ile kona ni wewe uliyeileta. Chagua: kona au kazi."

Maskini, hakujua amemchokoza nani. Kwa mshahara wa trei ile Shangazi alisomesha wadogo zake wanne. Kazi nyingine hakuwa nayo, na umri wa kutembeza barua za maombi ulikwishampita. Mwingine angenywea. Yeye akaiweka trei chini.

"Nipe wiki moja. Watoto nitawazuia mwenyewe. Ikifika Jumamosi na hao wateja wako wamefurahi, navua aproni naondoka, wala sitaki kuagwa. Wasipofurahi, kibao kinatoka, na unaninunulia viti vidogo sita, uvibebe mwenyewe."

Wakapeana mikono. Shangazi alirudi jikoni akiogopa, tusidanganyane. Lakini mhudumu wa miaka yote hiyo ana kitu ambacho bosi hana. Anajua kila meza inazungumza nini.

Akina mama walipovuka barabara aliwapokea mlangoni, akawapa chai wainywe wakiwa wamesimama nje, watoto wakilia migongoni. Hilo lilimuuma kuliko lolote. "Ni wiki moja tu, wanangu," aliwaambia. "Niombeeni."

Ndani kulikuwa kimya mpaka ungeisikia sukari ikiyeyuka. Bwana Gazeti akatabasamu, na tabasamu lile lilidumu robo saa. Meza ya pili, fundi cherehani alikuwa akimsimulia rafiki yake juu ya mteja ambaye kila akija kupimwa huvuta tumbo ndani. Mteja huyo alikuwa meza ya saba, na keki yake akairudisha kwenye sahani. Jumanne, wakili mmoja alimwambia mtu wake, "Kusema kweli, kesi yako ni mbovu," na meza nne zikageuka kumpa pole. Jumatano watu walinong'ona. Alhamisi walizungumza kwa macho. Ijumaa wakili alihamishia ofisi ndani ya gari lake, na fundi hakuonekana kabisa.

"Leo kumepoa kidogo," bosi alisema akiangalia meza.

"Si ulitaka utulivu?" Shangazi alijibu, akaendelea kufuta vikombe visivyo na uchafu.

Ikabaki Jumamosi. Siku hiyo ya wiki, kwa miezi saba sasa, muuguzi mstaafu wa ile kliniki, aitwaye Sista, mjane mcheshi, huja kukaa na Bwana Gazeti penye dirisha. Kwa kelele za watoto walilazimika kuinamiana mpaka vichwa vikaribie kugusana, na ndivyo mazungumzo yao yalivyonoga. Shangazi aliliona hilo tangu mwezi wao wa kwanza. Bwana Gazeti, msomaji wa kurasa zote, hilo hakuwahi kulisoma.

Siku hiyo alikaa wima kama mtu aliyeitwa kwenye usaili. Akakohoa. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyoizoea ya kushindana na vifuniko vya sufuria:

"Nimefikiri sana. Nataka nikuoe!"

Vikombe vilisimama hewani. Mpishi akachungulia. Mtu mmoja akapiga kofi moja, akajuta. Sista alikosa pa kuweka mikono, mwishowe akaushika mkoba wake.

"Mzee mwenzangu, si ungepanda juu ya meza kabisa."

"Nilidhani..."

"Nusu ya watoto wa mji huu nimewachoma mimi. Kelele zao ndizo zinazonileta hapa. Jambo la siri sitalijibu mbele ya watu waliosahau kutafuna. Watoto wakirudi, nitakujibu."

Akaondoka. Bwana Gazeti alikaa kidogo, akainuka, akaenda mlangoni kukibandua kibao kwa kijiko cha chai. Kijiko kikapinda. Shangazi akamletea bisibisi, ambayo ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake tangu Jumatatu.

"Mzee, si wewe uliyetaka kimya?" bosi aliuliza, mdomo wazi.

"Nilikitaka, mwanangu, nikakipata. Nimekoma."

Kibao kilipoanguka, Shangazi hakujizuia. Alipiga kigelegele kimoja kirefu hadi kule kliniki wakatoka nje kutazama.

Jumatatu kona ilijaa. Bosi alikuwa akishusha viti kutoka kwenye mkokoteni, shati limemlowa. Sista hakungoja Jumamosi. Alikuja asubuhi ileile. Vifuniko vikagongwa, Bwana Gazeti akainama, Sista naye akainama, akasema neno. Shangazi alikuwa hatua tatu tu, trei mkononi, masikio yamemsimama, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita hakusikia kitu, maana mtoto mmoja aliichagua dakika hiyohiyo kudai biskuti. Alichoona ni Bwana Gazeti akilikunja gazeti lote, akilisukumia chini ya kiti, na kuagiza maziwa kwa kona nzima.

"Amemwambia nini?" bosi aliuliza, kiti begani.

"Hayakuhusu, mwanangu. Hicho kiti kaweke pale, na usiwakanyage."